Sikio la Kushoto

Siwema Ngwele alikuwa na masikio mawili kama watu wote, ila yake yalitumikia mabwana wawili. La kulia lilisikia kile kilichosikika ukumbini kote: maneno yaliyokwisha kupita kwenye mashine iitwayo Mizani, yakapoozwa na kusawazishwa, kisha yakatolewa kwa sauti ileile ya msemaji lakini bila miiba. La kushoto lilisikia maneno kama yalivyotoka kinywani, na moto wake na mate yake. Katika Baraza zima la Lwangu ni watu wawili tu walioruhusiwa kusikia hivyo. Mmoja alikuwa yeye, aliyewekwa na watu wa Delta, na mwingine Gwerino Sanga, aliyewekwa na watu wa mlimani. Waliitwa wasawazishi. Jina kubwa, kazi yenyewe kukaa kimya.

Asubuhi ile alifika mapema. Ukumbi ulikuwa ghala la pareto zamani, na siku za ukungu bado ulinuka maua makavu. Akawasha jiko la mkaa kwa ajili ya wazee, akaanza kufuta visikio vya kuvaa masikioni kwa pamba na spiriti, kimoja baada ya kingine, akavipanga mezani pande mbili za kioo. Alipofika kwenye kisikio cha mshtakiwa mkono wake ulisita. Kisha akakifuta kama vingine, si zaidi wala si pungufu, maana mshtakiwa alikuwa mwanawe wa kumzaa na watu wana macho.

Alikuwa ameomba aondolewe katika kesi hii. Jaji Kokuhirwa, mama wa makamo aliyeletwa kutoka mkoa wa ziwani kwa sababu hakuwa na ndugu Delta wala mlimani, alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Mama Shawali," alimwambia, "pole sana. Lakini msawazishi hagusi kitu. Anahakiki tu kwamba mashine haijabadilisha dai la mtu. Na misemo ya kwenu hakuna mwingine anayeijua kama wewe. Mizani haina mtoto, kwa hiyo hata wewe ukiwa naye haidhuru."

Ni kweli Mizani haikuwa na mtoto. Wala haikuwa na mama wa kuzika.

*

Mizani yenyewe ukiiona usingeipa heshima. Ilikuwa kisanduku cha kijivu, ukubwa wa debe la mafuta, kilichokaa pale kioo kilipoishia. Kioo hicho kiligawa ukumbi toka ukuta hadi ukuta, na sauti haikuvuka ila kwa njia ya kisanduku. Mtu wa upande huu akisema, wa upande ule waliona midomo ikicheza, wakangoja kama pumzi moja, ndipo maneno yakawafikia masikioni. Katika pumzi hiyo Mizani ilipima mambo matatu. Muda, ili asiwepo wa kusema sana na wa kusema kidogo. Joto, yaani hasira na kilio. Na dai, yaani mtu anataka nini hasa. Muda na joto ilivisawazisha, matusi ikayang'oa, na dai ilitakiwa kuliacha kama lilivyo.

Mtu akilia mno upande mmoja huku wa upande wa pili wana macho makavu, Mizani ilishusha kilio hiki na kuupa ukavu ule unyevu kidogo, hadi wakutane njiani. Mafundi walioileta waliita jambo hilo usawa wa huzuni. Walilisema kwa fahari, nao walikuwa vijana wazuri wasiojua msiba.

Tuseme haki ya Mungu: ilifanya kazi. Bahari ilipoimeza Delta na watu wake wakapandishwa milimani na magodoro na mabata yao, mwanzoni walipokewa kwa vicheko. Pande hizi mbili zilikuwa watani tangu enzi za mababu waliokuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge, waliopika chungu kimoja na kuzikana ugenini. Lakini maji ya kumwagilia hayakutosha viazi vya wenyeji na mpunga wa wageni, na mwaka wa moto ukaja. Nyumba ziliungua na watu ndani. Baada ya mwaka ule serikali ikaleta Mizani, ikaweka sheria kwamba sokoni, shuleni na kwenye malango ya maji hakuna neno litakalovuka kutoka upande mmoja hadi mwingine pasipo kisikio. Tangu hapo, hadi masika ya mwaka huu, hakuna aliyekufa kwa sababu ya neno.

Utani ndio uliowasumbua mafundi. "Mtumwa wangu" ya mtani na "mtumwa" ya mwenye chuki ni neno moja, na mashine haikuweza kuyatenganisha. Suala hilo liliwekwa mbele ya wazee wa pande zote, mchana kweupe, Siwema na Gwerino wakiwa wamekaa pale pale. Wazee wakanong'onezana, wakasema kwa kauli moja: ng'oeni lote kwa sasa, damu bado mbichi, utani utasubiri. Hakukuwa na ubaya katika neno hilo. Ila utani haukai ghalani kama mbegu. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaota ndevu, na hawakuwahi kumsikia mtu wa mlimani akiwaita "wala kaa", nao hawakuwahi kumwambia mtu wa mlimani kwamba anaoga Krismasi hadi Krismasi. Wakakua wakidhani kwamba watu wa ng'ambo ya kioo ni watu wapole tu, wanaoshukuru kila wakati.

*

Bi Kidawa, mama yake Siwema, alifariki mwanzoni mwa masika. Ndiye aliyemlea Shawali, kwa kuwa Siwema alishinda barazani akisikiliza magomvi ya watu. Alikuwa mwanamke wa chumvi kidogo na maneno mengi, mguu mmoja mfupi, na akitembea kanga yake ilikuwa ikipanda na kushuka upande mmoja.

Siku ya mazishi, maiti alikwisha oshwa na kukafiniwa, jeneza likawa uani likingoja kutolewa, ndipo akaja Mzee Donati Luhwago kutoka mlimani. Walikuwa watani yeye na marehemu tangu ujanani. Alivua kisikio akakitia mfukoni, akawaambia waombolezaji, "Vueni hivyo vidude. Bi Kidawa leo hana haja ya kupoozwa, ameshapoa."

Watu wakavua kwa heshima ya mvi zake. Akaanua kanga ya marehemu kwenye kamba, akajifunga kiunoni, akajilaza mlangoni mbele ya jeneza.

"Haendi mtu," alisema. "Mnamkimbiza wapi huyu? Udongo wa kwetu haujakubali. Kazoea tope la mikoko, sisi tukimzika hapa ardhi itamtapika kabla ya Ijumaa. Nipeni kwanza jogoo wa kuibembeleza ardhi."

Wanawake walikuwa ndani. Siwema aliisikia sauti ile dirishani kwa masikio yote mawili, maana siku hiyo hakuwa na mashine. Mashangazi wakaanza kuchekea vifuani. Kisha wakamsikia Mzee Donati akiinuka, akichechemea uani kwa mwendo wa marehemu, akiigiza na sauti yake: "Chumvi kidogo wanangu, chumvi si maji." Siwema alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, machozi ya msiba na ya kicheko yakichanganyika, na akahisi kwa mara ya kwanza tangu alfajiri kwamba mama yake amekufa kweli na kwamba ataweza kuishi. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, na Mzee Donati alikuwa fundi.

Huko nje vijana hawakucheka. Siwema hakulijua hilo, naye ndiye aliyepaswa kulijua kuliko wote. Alikuwa bado anapangusa macho kwa upindo wa kanga pale uani palipoingia ukimya, kisha yowe la mwanamume.

Shawali alikuwa amechukua jembe la wachimba kaburi lililoegemezwa ukutani. Alipiga mara moja.

*

Siku moja kabla ya Baraza waliruhusiwa kuonana, mchana, katika chumba cha mahabusu nyuma ya ghala. Shawali alikuwa amekonda. Mama yake alimletea wali na samaki, hakugusa.

"Kula, baba."

"Nitakula."

Hakula. Siwema akaketi karibu naye kwenye benchi. Mlinzi alikuwa mtu wa Delta, akatoka nje akajifanya anaangalia mawingu.

"Sikiliza, mwanangu," alisema Siwema. "Mjane wa Mzee Donati atasema kesho. Ikitokea akakwambia neno kali, akakuita jina, ujue si tusi. Ni mtani wako kama mumewe alivyokuwa mtani wa bibi. Na wewe unamjibu. Unamwambia, 'Nyamaza wewe mnywa ulanzi, kwenu hata mbu hawakai kwa baridi.' Kitu kama hicho. Kwa uso wa kucheka. Hapo amekushika mkono na wewe umemshika."

Shawali aliusogeza wali pembeni.

"Mama, unanifundisha kumtukana mwanamke niliyemuulia mume?"

Jambo ambalo mtu hulinyonya na maziwa, ukilieleza kwa mtu mzima linageuka uchafu.

"Unajuta?" alimuuliza baadaye.

"Sijui kama najuta," alisema kijana. "Nikifumba macho namwona bibi anachechemea, nafurahi. Halafu nakumbuka si bibi, ni yule mzee, na hasira inapanda upya. Halafu nakumbuka nilichofanya. Sasa hiyo inaitwaje, Mama? Wewe ndiye unayejua maneno."

Akamshika kichwa akamlaza begani kama alipokuwa mdogo. Hakumwambia inaitwaje. Alikuwa akifikiria jinsi Mizani itakavyoiita, na alijua, na moyo wake ulitulia kidogo kwa kujua, nao utulivu huo ukamtia aibu.

*

Baraza lilianza ukungu ukiwa bado madirishani. Watu wa Delta walikaa upande wa mlango wakiwa wamevaa masweta juu ya kanzu. Watu wa mlimani upande wa dirisha, mablanketi mabegani. Siwema na Gwerino walikaa jukwaani pale kioo kilipokoma, magoti yao karibu kugusana. Mbele ya kila mmoja palikuwa na swichi nyekundu. Mashine ikibadilisha dai la mtu, wasawazishi walitakiwa kuzizima zote mbili kwa pamoja. Hapo kioo kingeshuka, yaliyosemwa yangefutwa, na kila mtu angesema upya bila Mizani. Swichi moja peke yake haikufanya kitu. Tangu Baraza lianze hazijawahi kuguswa, na Siwema alikuwa akizipangusa vumbi tu.

Jaji alieleza mambo yalivyo. Kama pande zote zitazungumza kwa utulivu na kijana akaonyesha majuto, atapelekwa kwenye kambi ya ukuta wa bahari kwa miaka michache, kisha atarudi nyumbani. Kama sivyo, atatengwa na bonde maisha yake yote. Mama mzazi aliyasikia hayo katika masikio yote mawili, na safari hiyo masikio yalipatana.

Shawali akasimama. Katika sikio la kushoto alisema, kwa sauti iliyokwaruza, "Alivaa kanga ya bibi yangu. Sijui kama najuta. Kila siku najiuliza na sijui."

Katika sikio la kulia, na masikioni mwa ukumbi mzima, ile sauti yake changa ikasema, "Nilikuwa katika huzuni ya kumpoteza bibi yangu. Ninajuta kwa dhati kwa kilichotokea."

Wazee wa mlimani walitikisa vichwa taratibu, kama watu waliopewa kiti. Siwema alitazama swichi. Je, kutojua kama unajuta ni dai? Alimtupia jicho Gwerino. Gwerino alikuwa ameinamisha uso, anakuna kucha kwa kucha. Alikuwa amesikia vilevile. Basi wote wawili wakanyamaza, mmoja kwa umama na mwingine kwa huruma, na jambo likapita.

Ikaja zamu ya mjane. Skolastika Luhwago alikuwa bibi mfupi, kitenge cheusi, mgongo umeanza kupinda kwa miaka ya kulima viazi. Alisimama akaegemea meza, akamtazama Shawali kupitia kioo. Halafu Siwema akaona kitu ambacho hakukitegemea kabisa. Pembe moja ya mdomo wa yule bibi ilipanda.

"Wewe mla kaa," alisema Skolastika katika sikio la kushoto. "Wewe kinda la chura. Maji yaliwafukuza kwenu, mkaja kutujazia mabata. Mume wangu alikuja kumzika bibi yako kwa heshima zote, akavaa na kanga yake, nawe ukamlipa jembe. Haya. Nani atanichotea maji sasa? Nani atanikatia kuni? Nakutaka wewe. Wewe ni mtumwa wangu. Usipelekwe baharini ukanenepe na samaki. Utakuja kwangu, utalala chumba cha Donati, nitakutukana asubuhi na jioni mpaka nife. Na nikifa uvae kitenge changu, ucheze ninavyotembea, watu wacheke. Hilo ndilo ninalodai. Sidai lingine."

Alikuwa akilia tangu katikati ya maneno hayo, lakini ile pembe ya mdomo haikushuka.

Ikapita pumzi moja.

"Nimempoteza mume wangu," sauti ya Skolastika ikasema kwa upole katika sikio la kulia. "Ninaomba mhusika awajibishwe kwa mujibu wa sheria."

Upande wa Delta wazee walishusha pumzi. Shawali aliinamisha kichwa. Jaji aliandika kitu. Yote yalikuwa shwari.

Bibi yule alikuwa amempa mwanawe nyumba. Ndiyo njia ya zamani, Siwema aliijua kwa masimulizi ya mama yake: mtani akimuua mtani, hatolewi damu wala hafukuzwi, anaingia katika nafasi ya marehemu. Skolastika alikuwa ameifukua kutoka chini ya huzuni yake yote, ameibeba mpaka hapa, na mashine ilikuwa imeitupa nje pamoja na kaa na chura.

"Dada Siwema," Gwerino alinong'ona bila kugeuza uso. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hilo ni dai, na limebadilishwa. Ni la upande wangu. Lakini tukizima yanafutwa yote. Na mwanao itabidi aseme upya, bila Mizani. Wakisikia 'sijui kama najuta', ni maisha. Na vijana wenu wakisikia 'mtumwa'..."

"Ukumbi utawaka."

"Utawaka. Kwa hiyo mimi mkono wangu uko hapa. Wewe ukizima nazima. Usipozima, nami sikusikia. Mtoto ni wako."

Alisema hivyo kwa wema. Siwema angependa zaidi kama angemkaripia. Alitazama kisogo cha mwanawe, pale nywele zilipoota kwa kuzunguka tangu utotoni. Akinyamaza, miaka michache tu ya kubeba mawe ufukweni, kisha angemrudia. Hakuna ambaye angejua, ila bibi kizee mmoja angerudi nyumbani akiamini kwamba alisema neno lake kubwa kuliko yote na watu wa Delta wakaliacha chini bila kuliokota. Angekufa akiamini hivyo. Na Siwema angebaki nalo katika sikio la kushoto siku zote za maisha yake.

Si kwamba alikuwa mtu wa haki sana. Alikumbuka alivyocheka siku ile dirishani, na kwamba wa kumshukuru kwa kicheko kile ameshakufa. Akaweka kidole kwenye swichi. Gwerino akaweka chake.

Kioo kilishuka kwa mlio wa kukwaruza, kwa kuwa hakikuwahi kushushwa, na sauti za watu zikavuka kama mafuriko: makohozi, viti, mtoto aliyekuwa akilia nyuma. Watu walishtuka. Walikuwa wamesahau kwamba wenzao wana kelele.

"Mizani imebadilisha dai, mheshimiwa," Siwema alisema akiwa amesimama. "Na kabla ya hapo ilibadilisha maneno ya mwanangu nikanyamaza. Vueni visikio, tafadhali. Kila mtu aseme tena."

Jaji akakubali kwa kichwa.

Shawali akarudia, na safari hii upande wa mlimani ulimsikia mwenyewe: "Sijui kama najuta." Mngurumo ukapita kwenye mablanketi. Kijana mmoja akasema waziwazi kwamba huyo angekatwa mikono. Skolastika aliinua kiganja, wakanyamaza. Kisha naye akarudia yake, mla kaa, kinda la chura, mabata, jembe, yote, na alipofika kwenye "mtumwa wangu" vijana wa Delta waliruka kutoka vitini. Walinzi wakaingia kati. Nyuma kabisa wazee wawili watatu wa Delta walikuwa wameshika vinywa, na haikujulikana kama wanalia au wanacheka. Mmoja alitaka kujibu, akainua mkono, akaushusha. Utani haujibiwi na mpita njia. Aliyeitwa ndiye anayeitika.

Skolastika alikuwa akingoja. Alikuwa amesimama katikati pale kioo kilipokuwa, uso umeinuliwa kwa yule kijana mrefu, na pembe ya mdomo wake bado imepanda, kwa shida sasa, kama mtu anayeshikilia mzigo wa kuni mlangoni akisubiri afunguliwe.

Shawali alimtazama mama yake. Siwema alijua anatafuta nini. Anatafuta yale maneno ya mahabusu, ya ulanzi na mbu na baridi. Alikuwa nayo, yalikuwa pale ulimini. Mama yake aliyaona midomoni mwake. Akamwomba kwa macho: sema, baba, yaseme tu, hata kwa kigugumizi.

"Bibi," alisema Shawali. Sauti ikakatika, akaianza tena. "Bibi, mimi nilimuua mumeo. Sijui kucheka na wewe."

Pembe ya mdomo ya Skolastika ikashuka.

Hakukasirika. Alimtazama kijana kwa namna ambayo Siwema angeikumbuka hata uzeeni, bila chuki yoyote, kama mtu aliyebisha hodi katika nyumba aliyoizoea akamkuta mpangaji mpya.

"Najua, mwanangu," alisema. "Nilijaribu tu."

Akarudi taratibu hadi kwenye kiti chake. Akachukua kisikio mezani, akakipangusa kwa ncha ya kitenge, akakivaa.

"Washeni mashine yenu," alimwambia jaji. "Kisha mchukueni mtoto wa watu mumpeleke mnakotaka."

Wengine nao wakavaa, mmoja mmoja, na Siwema aliona kwamba wengi walifanya haraka. Akarudisha swichi, na Gwerino yake. Kioo kikapanda. Jaji akasoma hukumu: kutengwa na bonde, maisha. Shawali hakulia. Alipotolewa aligeuka mara moja mlangoni, si kwa mama yake bali kwa yule bibi, kama aliyekumbuka kitu cha kusema, ila kioo kilikwisha panda na hakuwa na kisikio.

Ng'ambo ya kioo Skolastika aliinamia meza akafunika uso kwa kitenge. Ukungu ulikuwa umeondoka madirishani.

"Donati," alisema katika sikio la kushoto, kwa sauti ndogo iliyotoka tumboni. "Ee Donati. Umeniacha na nani wa kunitukana?"

Ikapita pumzi.

"Ninashukuru kwa kusikilizwa," ikasema sauti yake katika sikio la kulia, na ukumbi wote ukamwitikia kwa heshima.

Jaji Kokuhirwa aliinua kalamu, akawageukia wasawazishi kama sheria ilivyomtaka kufanya kila mwisho wa kikao. Aliuliza kama mashine imebadilisha dai la mtu yeyote. Gwerino alitazama chini. Siwema alifikiri, akatafuta katika kilio kile kitu chochote ambacho yule bibi alikuwa akikidai kwa mtu aliye hai, na hakukiona.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Haijakosea."